Kikombe Kimoja kwa Vitatu

Mimi hununua vitu kwa kujiamini. Wauza vitambaa wa soko la Garissa wananijua. Nikigeuza ncha ya kitambaa na kukunja uso, bei hushuka kabla sijafungua mdomo. Nafundisha kemia katika shule ya sekondari ya wasichana, na miaka mingi ya kusimama mbele ya ubao imenizoesha kuwa na neno la mwisho. Kwa hiyo nilipoamua kununua mashine ya kusafisha maji ya kunywa, sikuomba ushauri wa mtu. Niseme mapema kwamba nilikosea, na kwamba kosa langu lilining'inia kwenye ukuta wa jikoni kwa muda wa miezi miwili, likiwaka taa ya kijani.

Mashine niliinunua kwa ajili ya mama yangu. Karibu maisha yake yote ameishi Diff, kule mpakani, akifuga mbuzi na ngamia na kunywa maji ya kisima yenye chumvi. Nami nililelewa na maji hayo. Chai ya nyumbani kwetu ilikuwa na chumvi hata ukiitia sukari vijiko vinne, na nguo zetu zilikauka zikiwa ngumu. Mwaka ule aliletwa kwangu akiwa amelazwa kiti cha nyuma cha gari, kupitia Wajir na Modogashe, akiuma ncha ya mtandio wake kwa maumivu. Daktari alimtoa mawe kwenye figo la kushoto, kisha akaniita kando. Figo hilo limechoka, akasema, halitafanya kazi ya maana tena. Amebaki na la kulia, na hilo tusilichezee. Anywe maji mengi, maji safi, vikombe kumi na viwili kila siku. Mawe yakirudi upande wa kulia, hatutakuwa na figo jingine la kukimbilia.

Nilitoka hospitalini nikiwa na jambo moja tu kichwani: chumvi. Mtu wa Diff ukimwambia maji mabaya, haulizi mabaya kwa namna gani. Chumvi ndiyo adui aliyemkuta tangu kuzaliwa. Nikaenda moja kwa moja dukani, nikamwambia muuzaji nataka mashine inayotoa chumvi yote, hata punje isibaki. Muuzaji akaanza kuniuliza maji yangu yanatoka wapi. Nikamwambia asinipotezee muda, mimi ni mwalimu wa kemia. Yule mtu akaniuzia nilichotaka.

Fundi alikuja Jumamosi kuifunga. Alikuwa mtu wa bara, mpole, mwenye mazoea ya kuvua viatu mlangoni bila kuambiwa. Alitoboa ukuta wa jikoni, akapitisha bomba jembamba jeusi hadi uani. Mama yangu alikuwa amekaa kwenye mkeka akimtazama. Kiswahili chake ni cha sokoni, lakini hakimzuii kuuliza.

"Fundi, hii baibu ya nje naenda wapi?"

"Hiyo ni ya maji yanayokataliwa, mama. Mashine ikitoa kikombe kimoja cha maji safi, hapo nje inamwaga kama vitatu hivi."

"Fitatu?"

"Vitatu, mama."

Mimi nilisikia mazungumzo yale yote, na yakaingia sikio moja yakatokea la pili, kwa sababu nilikuwa nasoma kijitabu cha mashine na kufurahia michoro yake.

Asubuhi yake nilipanga utaratibu. Mama yangu hasomi, na vikombe kumi na viwili ni rahisi kupoteza hesabu yake ukiwa na wajukuu watatu wanaokupigia kelele. Nikaosha kokwa kumi na mbili za tende, nikaziweka kwenye kisahani. Nikaweka kisahani kingine pembeni yake. Nikamwambia kwa lugha yetu ya nyumbani, "Hooyo, kila ukinywa kikombe, hamisha kokwa moja. Nikitoka shule jioni nikute zote zimehama."

"Sawa, hooyo," akanijibu. Kwetu mama humwita mwanawe kwa jina lile lile ambalo mwanawe humwita yeye, na mpaka leo, nikiwa na mvi zangu chache, neno hilo likitoka kinywani mwake hunilegeza.

Kila jioni nilikuta kokwa zote zimehama. Kumi na mbili, bila kupungua. Watoto walikuwa na maji baridi kwenye friji, wageni walisifu chai yangu kwamba ni nyepesi na tamu, na mimi nilitembea kifua mbele. Shuleni niliwachosha walimu wenzangu kwa habari za mashine yangu. Mmoja aliniambia kwamba maji hayo hayana ladha hata kidogo, kama kunywa hewa. Nikamwambia hiyo ndiyo maana ya usafi.

Mwezi wa pili ulipoanza nilimwona mama akisali. Alipokwenda kusujudu alishika kiuno upande wa kulia, akabaki vile muda mrefu kuliko dua inavyohitaji. Aliposimama nilimuuliza. Akasema ni uzee. Nilijua si uzee. Nilikuwa nimeshauona uso ule kwenye kiti cha nyuma cha gari. Hofu ilinishika nikashindwa kupika, tukala mkate na chai.

Daktari alipima mkojo wake, akanionyesha karatasi. Kulikuwa na chembechembe, mchanga mdogo unaotangulia mawe.

"Mama anakunywa maji?" akauliza.

"Anakunywa. Vikombe kumi na viwili. Nahesabu mimi mwenyewe."

"Maji gani?"

Nikakasirika. Nilimweleza kuhusu mashine, kuhusu taa ya kijani, na bila shaka nilimweleza kwamba mimi ni mwalimu wa kemia. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema kwa upole kwamba nimejua kiasi anachokunywa, sasa nikajue anakunywa nini. Nilirudi nyumbani nimemnunia daktari, lakini swali lake nilirudi nalo.

Siku ya tatu niliomba ruhusa baada ya kipindi cha nne nikarudi nyumbani. Sikupiga hodi. Jikoni hapakuwa na mtu, na pipa dogo la maji safi lilikuwa limejaa hadi juu. Kwenye kisahani, kokwa saba zilikuwa zimehama. Nikasikia mlio wa bati uani.

Mama yangu alikuwa amekaa kwenye kigoda kando ya lile bomba jeusi. Chini ya bomba aliweka karai, na kando ya karai mitungi mitatu ya plastiki imejaa na kufunikwa vizuri. Mbuzi wangu wawili walikuwa wakinywa kwenye beseni. Yeye alikuwa ameshika kikombe chake cha bati, anakichovya ndani ya karai. Alisema bismillahi, akanywa kwa pumzi tatu kama alivyotufunza sote, akaingiza mkono mfukoni na kutoa kokwa ya tende ya kwenda kuiweka kisahanini.

Maji yale yalibeba kila kitu ambacho mashine ilikitoa kwenye vikombe vya watoto wangu. Chumvi, tope, na vijidudu vya kila aina, vyote vimekusanywa na kutupwa nje, na mtu pekee katika nyumba yangu aliyekatazwa kuvinywa ndiye aliyekuwa akivinywa, kikombe kwa kikombe, kwa uaminifu, akihesabu kwa kokwa nilizomwoshea mimi.

"Hooyo, unafanya nini?"

Hakushtuka. Alinitazama kama mtu aliyekutwa akifagia. "Nakunywa maji yangu."

"Hayo ni maji ya kumwagwa."

"Ndiyo maana nayanywa."

Nilipandisha sauti. Sijivunii hilo. Nilimwambia kuhusu figo, kuhusu mchanga kwenye karatasi ya daktari, nikamuuliza kama anataka kutuacha. Aliniacha nimalize, akiwa ameshika kikombe kwa mikono miwili.

"Fundi alisema kikombe kimoja kwa vitatu," akasema. "Vikombe kumi na viwili nikivinywa mimi, thelathini na sita vinakwenda kwenye mchanga. Kila siku, hooyo. Nimevuta maji kisimani na mama yangu kabla sijaota meno ya ukubwani. Wanaume wanne wakipokezana ndoo, na mimi mtoto napokea ya mwisho. Ukimwaga kikombe pale, watu wote wanageuka kukutazama. Sasa wewe unaniambia nimwage thelathini na sita ili mimi nipone. Nikiulizwa na Mola nitajibu nini?"

"Na watoto? Mbona umewaacha wanywe?"

"Watoto ni watoto. Wao na wageni wanakunywa yaliyo safi. Mimi nachukua yanayobaki, hayapotei. Na yana ladha kidogo."

Hapo nikakumbuka nilichokuwa nimekisahau kwa sababu ya kukaa mjini na mfereji wangu. Kisimani kwetu mifugo dhaifu hutangulia, kisha watoto, kisha wageni na wazee, kisha wanaume waliovuta ndoo. Wanawake hunywa mwisho, na mama yangu alikuwa wa mwisho wa wale wa mwisho. Katika utoto wangu wote sikumbuki kumwona akinywa kabla yangu. Nilikuwa nimemletea mashine ya kuokoa maisha yake, na nikaifunga katika nyumba ambayo yeye bado alikuwa wa mwisho kwenye foleni. Nikaketi chini mchangani na nguo zangu za kazi, nikalia. Yeye alinipapasa kichwa na kuniambia nisichafue sketi.

Nililia kwa muda mfupi, halafu nikarudiwa na akili. Niliingia jikoni nikafanya kile ambacho ningemwadhibu mwanafunzi kwa kutokifanya: nikapima. Mama alikuwa amekuja na kidumu cha maji ya Diff, akihofia tumbo lake litayakataa ya huku, na nusu yake ilikuwa bado chini ya kitanda. Nikatia kikombe cha maji yale kwenye sufuria moja, na kikombe cha maji ya mfereji wetu kwenye sufuria nyingine, nikayachemsha yote mpaka yakakauka. Sufuria ya Diff ilibaki na ukoko mweupe unaokwanguka kwa kijiko. Sufuria ya mfereji ilibaki na doa jembamba la kahawia. Lilikuwa tope la mto Tana, basi. Chumvi niliyotumia mashine nzima kuiwinda haikuwepo.

Mama alichungulia sufuria zote mbili. "Miaka yote ile ya shule," akasema, "kumbe ulikuwa unasomea kupika maji." Nilicheka kwa mara ya kwanza wiki ile.

Baada ya hapo mambo yalikuwa rahisi, kwa sababu nilikuwa nimeuliza swali sahihi. Maji yetu yana tope na vijidudu, na vitu hivyo havihitaji mashine ya umeme wala bomba la nyuma. Nilirudi dukani. Yule muuzaji aliponiona alijiandaa kugombezwa, nami nikamwomba radhi na kumwambia aulize maswali yake yote. Nilitoka na chombo cha ndoo mbili zilizopandana. Ndoo ya juu ina vichujio viwili vya udongo wa kuchoma, vyeupe na vinene. Maji hupenya ndani yake polepole, tope na vijidudu vikabaki nje, na yaliyo safi hudondokea ndoo ya chini yenye mfereji mdogo. Kiasi kinachoingia juu ndicho kinachotoka chini. Mashine niliipeleka maabara ya shule, kwa kuwa kemia kweli inahitaji maji yasiyo na kitu, na bomba lake jeusi sasa linamwagilia miche ya mwarobaini.

Kazi ya kutuliza tope kabla ya kuchuja niliiacha kwa mama, maana hapo yeye ndiye mwalimu. Maji hukaa kwenye pipa usiku mzima na kipande kidogo cha shabu, lile jiwe jeupe la kutuliza tope. Asubuhi yeye huteremsha kikombe cheupe kwa uzi hadi chini. Akikiona vizuri, maji yametulia, asipokiona hakuna anayeruhusiwa kugusa. Siku moja nilijaribu kuteka mapema, akanipiga kofi mkononi.

Siku ya kwanza ya ndoo mpya, watoto walijipanga na vikombe vyao. Mama alikuja, akainama taratibu mkono ukiwa kiunoni. Alipitisha kiganja chini ya ndoo, kisha nyuma yake, kisha ukutani mahali bomba lilipokuwa limepita, ambapo fundi alikuwa ameshaziba tundu. Alifungua mlango wa uani akatazama mchanga. Ulikuwa mkavu.

"Hakuna kinachomwagwa?" akauliza.

"Hakuna, hooyo. Hata tone."

Alikaa kwenye kigoda chake. Mjukuu mdogo alinyoosha kikombe mbele kama ilivyo desturi, naye akausogeza ule mkono mdogo kando, polepole.

"Leo naanza mimi," akasema.

Akajaza kikombe chake cha bati hadi ukingoni, akasema bismillahi, akanywa kwa pumzi tatu. Akahamisha kokwa moja. Sisi wengine tukasimama na vikombe vyetu vitupu, tukisubiri zamu.