Jiwe la nane kwenye ukuta wa Skelrigg

Saa moja asubuhi, ukungu ukiwa bado umekalia kilima cha Skelrigg, Doreen Alderson anang'oa jiwe la juu la ukuta wa mawe yaliyopangwa bila saruji, ukuta ambao hauna kasoro yoyote. Analilaza kwenye majani, anashusha pumzi, kisha anafuata la pili.

“Miaka thelathini na nne najenga kuta,” anasema. “Leo ndiyo mara ya kwanza nabomoa uliosimama vizuri. Babu angenichapa.”

Babu yake, Wilf Alderson, ndiye aliyeujenga. Mwaka 1949, miaka minne baada ya vita kwisha, ndege ya kijeshi ya kudondosha mabomu iliyokuwa mazoezini iligonga kilima hiki ndani ya ukungu na kupasua mita kumi na nne za ukuta. Hakupona mtu. Wanaume wa bonde hili walipanda na mageti ya zizi, wakawashusha marehemu juu ya mageti hayo, wamefunikwa mablanketi ya nyumbani kwao.

Kondoo hawangoji matanga yaishe. Wiki ileile Wilf aliziba pengo, na kwa kila marehemu akaweka jiwe la kupitisha, lile refu linalotokeza pande zote mbili na kuufunga ukuta usifunguke. Aliweka mawe saba, mstari mmoja.

Waliokufa walikuwa wanane.

Ukuta huu ndio mpaka. Huku ni bonde la Skelrigg, ng'ambo ni bonde la Ousdale, na desturi ya hapa ni kila mtu kuokota kilichoangukia upande wake, awe mwanakondoo au geti lililochukuliwa na upepo. Koplo Ernest Tranter, fundi aliyeomba lifti ya ndege ili awahi likizo, alirushwa ng'ambo. Watu wa Ousdale walimshusha kwao na kumwandika kwenye kitabu cha kanisa lao. Wilf alihesabu wale waliobebwa na wenzake wa Skelrigg. Hakuna aliyedanganya, ila mabonde haya mawili hayakuwa na mazoea ya kuulizana.

“Tulikuwa tunaulizana bei ya kondoo dume tu,” anasema Clive Iveson, mfugaji wa Ousdale mwenye umri wa miaka sabini. “Na hapo penyewe tulikuwa tunadanganyana.”

Machi mwaka huu barua ilimfikia Doreen kutoka mji wa Walsall. Aliyeandika ni Jean Tranter, mwenye miaka 78, mtoto pekee wa koplo, aliyekuwa na miaka miwili baba yake alipokufa. Alikuwa amesoma habari za mawe saba kwenye jarida la wapanda milima. Doreen anaijua barua hiyo kwa moyo: “Baba yangu hakuhesabiwa. Simlaumu mtu. Moyo wangu umechoka na daktari hanifichi. Naomba nimwone yuko na wenzake kabla sijamfuata.”

“Nililia palepale jikoni,” anasema Doreen. “Nikanawa uso, nikampigia Clive.”

Clive alikataa. Jiwe la kupitisha halichomekwi, lazima ukuta ushushwe hadi usawa wa kiuno. Na kondoo wa hapa hujifunza mipaka ya malisho yao kutoka kwa mama zao. Kondoo akishaonja kilima cha jirani, kumrudisha ni kazi ya miaka.

“Nikamwambia, utaniharibia kundi,” anasimulia Clive. “Unajua alinijibu nini? Eti nikasimame mwenyewe kwenye pengo, tumbo langu linatosha kuwa geti!”

Anacheka mpaka anakohoa. Hata hivyo, leo yuko kwenye pengo na mbwa wake tangu asubuhi. Sharti lake ni moja: pawe pamefungwa kabla ya giza.

Doreen ana miaka 61, na vidole viwili vya mkono wa kushoto havikunji tena. Hulipwa kwa mita, na siku ya mvua kubwa halipwi kabisa. Ya leo anaifanya bure. “Nilipwe nini tena?” anauliza. “Nashukuru ile barua imenikuta bado naweza kuinua jiwe.”

Saa saba mchana trekta inapanda taratibu na tela, mpaka kando kabisa ya pengo. Ndani ya tela yumo Bi Jean, amefunikwa blanketi mpaka kidevuni.

“Mama, umekaa sawa?” Doreen anauliza.

“Nimekaa kama gunia la viazi, lakini nimefika.”

Doreen anashika ncha moja ya jiwe jipya, Clive ya pili. Linaingia mahali pake, lakini linacheza. Doreen anamletea Bi Jean konzi ya vijiwe achague. Bi Jean anachagua kimoja chembamba, anakisukuma chini ya jiwe kwa kidole gumba. Doreen analitikisa tena, na halisogei.

“Amekaa,” anasema.

Bi Jean anaweka kiganja juu ya jiwe, analia bila kujificha. “Mama yangu alikufa akiamini baba aliachwa kwenye mvua peke yake. Kumbe alibebwa. Nawashukuru, wa huku na wa kule.”

Clive anageuka kuwafokea kondoo ambao hawajafanya kosa.

Saa kumi na moja jioni pengo limefungwa. Kondoo mmoja alijaribu kuvuka, akarudishwa kwa matusi.

Sasa Doreen anangoja Novemba, ibada ya kuwakumbuka marehemu. Yeye ndiye msomaji wa majina, na amekuwa akisoma saba tangu babu yake alipofariki. Safari hii Ousdale nao wamesema watakuja.

“Huwa natetemeka mbele za watu,” anasema, akipangusa vumbi mikononi. “Mwaka huu nitatetemeka zaidi. Lakini sauti ikatike, isikatike, nitafika mpaka kwa Ernest Tranter.”