Goti la Mzee Kombo na Pikipiki ya Posta

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa pikipiki, nilipewa kitambaa. "Ifute mpaka ikujue," aliniambia Mzee Kombo, tarishi mkuu wa posta ya Kismayo, nami kwa ujana wangu nikaona nimedharauliwa. Zama hizo za Mtaliana, sisi matarishi ndio tuliopeleka mifuko ya barua kusini mpaka Ras Kamboni. Ya visiwani, Ngumi na Fuma, tuliiacha pwani kwa wenye mashua. Mzee Kombo alikuwa na mvi mpaka za nyusi, na hakuna kijana aliyemfikia kwa kuendesha.

Nyinyi mliozoea lami hamjui mchanga. Alinifundisha kupunguza upepo wa tairi ili zitanuke zisizame, kutogusa breki ya mbele, na kutoshindana na usukani. "Ulegeze, hukumkamata mwizi!" Nilimpenda mzee yule, nasema kweli. Ila kila tuliposimama, aliegesha mashine yake juu ya mwinuko, hata kivuli kikiwa bondeni. Nilidhani anapenda kutazama mbali. Kumbe goti lilikwisha kufa. Hakuweza tena kupiga kiki, yaani kukanyaga kwa nguvu kile chuma cha kuwashia. Basi alitia gia, akaminya klachi, akateremka na mteremko, kisha akaiachia klachi ghafla na injini ikashika.

"Usimwambie mchu," alinisihi siku nilipogundua; mchu kwa lahaja yetu ni mtu. "Wakinikalisha barazani na tasbihi, Ijumaa haitanikuta."

Akaja Kapo mpya, ndivyo tulivyowaita wakubwa wa Kitaliana, mtu wa amri fupi. Alitupanga uani, penye saruji iliyo sawa kama meza.

"Asiyeweza kuiwasha mashine yake, aikabidhi leo."

Mzee Kombo akapiga kiki. Injini ikakohoa, ikanyamaza. Akapiga tena, nikaona uso wake ukikunjamana kwa maumivu. Kapo akanyoosha mkono aipokee mashine.

Mzee hakuitoa. Alikaa wima juu yake, akawatazama wachukuzi wa bandarini waliokuwa langoni, wengi wao watoto wa mafundi wa vyombo.

"Kwechu," akasema, "hakuna mchu anayeshua chombo peke yake."

Jahazi jipya kwetu haliingii majini kwa nguvu za mwenyewe. Mji mzima hulisukuma kwa wimbo, mmoja akiuliza, wengine wakiitikia. Wachukuzi wakatua mizigo, wakaingia bila kubisha.

"Chombo cha nani?"

"Chechu!"

Wakaisukuma. Injini ikanguruma, na mzee akauzunguka ua, kilemba kikipepea. Mimi nililia, sioni haya kusema. Kapo akacheka mpaka akavua kofia.

"Nilisema aiwashe," mkalimani akatutafsiria. "Sikusema na wangapi."

Namsifu naye pia, maana mkubwa mwingine angeona amevunjiwa heshima. Mzee Kombo aliendesha mpaka aliposema mwenyewe kwamba basi.

Mimi nilistaafu Mtaliana alipokuwa akifunga virago, nikaachiwa mashine yangu kuukuu. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi: niliipanda kwenda sokoni, msikitini na mazikoni. Binti yangu Mwanaesha, ninayekaa kwake, hakuacha kunisema. "Baba, umri huo si wa pikipiki. Wachu watakucheka."

Juzi iligoma mbele ya nyumba, na goti langu sasa ni lile la Mzee Kombo. Nilipiga kiki tena na tena, ikakohoa tu. Nikatazama huku na huku kwa aibu, nikajua leo nitaingia barazani na sitatoka tena.

Muuza chai wa Kisomali akaacha birika lake. "Adeer, panda!" Adeer kwao ni ami. Wavuvi waliokuwa wakipita wakaweka nyavu chini.

"Chombo cha nani?"

"Chechu!"

Sauti moja iliwashinda wote, karibu na sikio langu. Injini iliposhika niligeuka nimwone aliyeshika kiti cha nyuma. Alikuwa Mwanaesha, buibui limejaa vumbi, bado anasukuma.