Kule Kuna Mbu Tu

Shangazi yangu Luciana alipika chumvi tangu akiwa msichana mpaka akawa na wajukuu. Kijiji chetu kipo bondeni, chini ya milima ya Lyamba lya Mfipa. Ukivuka mashamba unakuta kinamasi, kisha Ziwa Rukwa. Mwezi wa nane maji yanaporudi nyuma, udongo wa kinamasi huota weupe kama unga uliomwagika. Wanawake waliukwangua kwa vipande vya vibuyu, wakautia kwenye chungu kilichotobolewa kitako na kutandikwa nyasi, wakamimina maji. Yaliyodondoka chini ndiyo yaliyochemshwa mpaka ikabaki chumvi. Kila mmoja alikuwa na mahali pake, aliparithi kwa mama yake, na hakuna aliyegusa udongo kabla mkubwa wao hajakwangua kwanza. Mkubwa huyo alikuwa shangazi.

Ndiyo maana mwaka 1989, maofisa wawili walipokuja na daftari kuuliza ni nani anayetumia kinamasi, watu wote walimtazama yeye.

Swali hilo tulilijua. Aliyekuuliza leo unavuna nini, kesho alirudi na kodi. Habari za ujio wao zilitangulia, na shangazi alikwisha kuwaambia wanawake wafukie vyungu. Mkutanoni akasimama, akakaza kanga yake.

"Sisi ni watu wa mahindi na ulezi, baba. Kule tukafanye nini? Kule kuna mbu tu."

"Na vyura," akadakia Otilia, jirani yake.

"Na vyura. Mkiwataka, wachukueni, hatuwadai."

Watu wakaangua kicheko. Ofisa mwenye daftari naye akacheka, akaandika, akamwomba shangazi aweke dole gumba kwa niaba ya wanawake. Siku hiyo alisifiwa kama mtu aliyefukuza simba zizini.

Baada ya miaka mitatu likaja lori la nguzo za saruji. Walizisimika ukingoni mwa mashamba yetu, wala si ukingoni mwa maji. Kinamasi chote kikawa hifadhi. Mlinzi aliyeletwa, Kasimiri, hakuwa mtu mbaya. Aliwakuta wanawake wakikwangua, akavunja vyungu kimoja kimoja huku akiomba radhi.

"Mama zangu, mnaniponza. Nikiwaacha nyinyi, nafukuzwa mimi."

Msimu uliofuata ulipokaribia, shangazi akaniomba nimpeleke Sumbawanga. Nilikuwa nimesoma chuo cha ualimu, naye aliamini kwamba mtu wa chuo anajua kuongea na watu wa ofisi. Tulipanda mlima kwa lori, juu ya magunia ya mpunga, shangazi amepakata kibonge cha chumvi kilichofungwa kwa majani. Tukalala mtaa wa Malangali kwa ndugu, asubuhi tukaenda ofisi ya hifadhi.

Ofisa wa huko alimwamkia shikamoo, akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akafungua faili.

"Hili dole ni la nani, mama?"

"La kwangu."

"Hapa imeandikwa: wananchi hawatumii eneo hili. Ulisema wewe?"

"Nilidanganya," shangazi akasema. "Nilidhani mnataka kodi."

Ofisa akavua miwani, akaifuta polepole. "Mpaka umeshatangazwa, mama. Sasa niwaandikie wakubwa kwamba kijiji kizima kiliidanganya serikali?"

"Waandikie."

"Watataka ushahidi."

Shangazi akakiweka kibonge mezani. Ofisa akakitazama, akakisukuma kumrudishia.

"Huu ni ushahidi wa kosa. Kifiche. Halafu chumvi siku hizi si ya kuhangaikia. Tangu biashara zilipofunguliwa, pale Majengo, madukani, magunia yanagusa dari."

"Ya dukani inataka hela, baba. Yetu inataka mgongo tu."

Mimi msomi nikauliza habari za kibali. Akanijibu kwa upole kwamba kibali hupewa waliokuwa wakitumia eneo kabla ya mpaka, kwa kufuata orodha. Akanigeuzia faili niione orodha yenyewe. Chini ya kichwa cha habari, ukurasa ulikuwa mtupu.

Tulirudi kwa lori, kibonge amekificha ndani ya kanga.

Nyumbani tuliwakuta wanawake wametusubiri. Walikuwa wamekwisha kukata kuni za kupikia, wamezipanga ukutani kwa shangazi, kando ya mlango, mpaka usawa wa dirisha, kwa kuwa msimu ulikuwa umefika.

"Tunaanza lini?" Otilia akauliza.

Shangazi akakaa kizingitini, akawaeleza yote, neno kwa neno, hata yale ambayo mimi ningeyaficha.

"Siku ile ungetuuliza kwanza kabla ya kusema," mmoja akanung'unika.

"Ningewauliza, mngenishauri nini?"

Otilia ndiye aliyejibu. "Tungekwambia useme vile vile."

Yule aliyenung'unika akainuka, akavuta mzigo wake wa kuni ukutani, akajitwika kurudi nao kwake. Mwingine akafuata. Shangazi alibaki ameketi, akihamisha miguu kila mara ili wapite.