Pengo la Kibogoyo

Yule msusi alikuwa na mikono myepesi, hilo hata mahasimu wake walilikiri. Alipojiunga na darasa la kompyuta ili ajifunze kuhariri picha, ndani ya wiki mbili kipanya kilikuwa kinamtii. Kilichomponza ni wepesi huohuo, na mdomo wa kujibu "najua, mwalimu" kabla mwalimu hajamaliza kusema.

Kazi ya mwisho ilikuwa kutengeneza bango la kuwaonya madereva. Msusi hakuhangaika kutafuta picha. Mdogo wake, kitinda mimba wa mama yao, aligongwa na gari akienda shule akafariki, na mwaka ulikuwa haujaisha. Alikuwa na miaka saba. Mtaa mzima ulimwita Kibogoyo kwa ajili ya pengo la jino moja la mbele, naye akiitwa hivyo anacheka makusudi ili walione vizuri. Simu ya mama ilishazama kwenye ndoo ya kufulia. Kilichookolewa ni kadi ya kumbukumbu, na humo picha ya mtoto iliyofunguka ilikuwa moja tu.

"Chukua," mama alimwambia. "Lakini mwanangu, ni hiyo tu niliyobaki nayo."

"Mama nawe. Najua ninachofanya."

Mwalimu alikuwa ameimba mpaka amechoka: nakili kwanza, fanyia kazi kwenye nakala, ile ya asili usiiguse. Sikio la kufa halisikii dawa. Msusi akaifungua picha palepale kwenye kadi, akafuta doa la uji kwenye kola, akafuta kovu la kwenye nyusi na vipele vya kidevuni. Brashi ikamnogea. Akachukua jino la jirani, akalinakili, akaziba pengo, maana bango linataka mtoto mzuri. Kompyuta ikamuuliza kama picha mpya ichukue nafasi ya ile ya zamani. Akabonyeza ndiyo, kama mtu anayeitikia salamu, akaenda zake kula.

Alipata alama nyingi kuliko darasa zima. Akampelekea mama bango na kadi yake. Mama alilitandaza mezani, akalitazama sana.

"Mzuri," alisema. "Ni mtoto wa nani?"

Hakuwa anatania. Msusi alirudi darasani mbio, roho mkononi, wakaifungua kadi, wakakuta ni sura ileile iliyosafishwa. Mwalimu alijaribu kila njia anayoijua. Maji yakimwagika hayazoleki. Mwishowe akavuta kiti akakaa, na jamani, hata kumgombeza alishindwa.

Kesho yake msusi hakusuka mtu. Alikaa mbele ya kompyuta alirudishe pengo kwa mkono wake mwenyewe, kazi ya dakika tano kwa mtu kama yeye. Akaukuza mdomo wa mtoto mpaka ukajaa kwenye kioo, akachagua brashi nyeusi, na hapo mkono ukamkatalia. Mdomo huo yeye ndiye aliyeupiga mswaki kila asubuhi, na sasa hakumbuki. Akampigia mama kwenye simu ya jirani yake.

"Mama, lile pengo lilikuwa upande gani?"

"Kushoto," mama alijibu upesi. "Au kulia? Ngoja. Ngoja kwanza, mwanangu."

Msusi akangoja. Mama hakukata simu, wala hakutaja tena upande wowote.