Makosa ya Kona ya Mto

Wanafunzi ndio waliompachika jina la Bi Rula, na jina likamganda hata baada ya kustaafu, mpaka muuza dawa wa mtaani kwake akawa anamwita hivyo usoni pake, akidhani ndilo alilopewa na wazazi wake. Alifundisha hesabu na uchoraji katika shule ya msingi kwa miaka thelathini na miwili. Rula yake ilikuwa ya mbao, ncha moja imebanduka, na kazi yake haikuwa kupiga mistari tu.

Alipostaafu alifanya kile alichosema siku zote kwamba angekifanya, laiti watoto wa watu wangempa nafasi ya kupumua. Akachora. Hakutaka maua ya kwenye chupa wala sura za watu. Alitaka mandhari, na mandhari, alisema, huwezi kuyachora umekaa sebuleni ukitazama kalenda. Unayafuata yalipo. Basi mara tatu kwa wiki, jua likiwa bado halijakasirika, alishuka mpaka pale mto unapopinda chini ya tanuri la matofali, akasimamisha kiegemezo chake cha miguu mitatu, akakifunga jiwe kwa kamba ili upepo usikibebe, akakamua rangi kwenye kibao, akaanza.

Hakwenda peke yake. Mdogo wake, mjane aliyehamia kwake miaka kumi na mmoja nyuma akiwa na cherehani na masanduku mawili, ndiye aliyebeba kigoda, mwavuli, chupa ya chai na mfuko wa matambara. Goti lake la kushoto lilikuwa bovu, hivyo ule mteremko aliushuka ubavu ubavu. Wakishafika alikaa chini ya mti mnene uliokuwa ukingoni, akikunja pindo za nguo za wateja wake, huku akifukuza mbuzi na kujibu wapita njia. Na wapita njia hawakukosekana.

"Mama, nichore na mimi," mfyatua matofali mmoja alisema siku moja, kifua wazi, tope mpaka magotini. "Ila uniongezee shati."

"Atakuchora ukishaoga," mdogo mtu akamjibu, na wafyatua matofali wote wakaangua kicheko.

"Wewe nawe, funga mdomo," Bi Rula akasema bila kugeuka. "Unanitetemesha mkono."

Kuchora nje kuna karaha zake. Nzi hutua kwenye rangi mbichi wakanasa, vumbi hunata, na kivuli ulichokipima saa mbili, ikifika saa nne kimeshahama na kukuacha umekodoa macho. Bi Rula alipambana na hayo kama alivyopambana na darasa. Kila mti aliupima kwa kunyoosha brashi mbele ya jicho moja. Mvua zikianza hakwenda kabisa, kwa sababu miezi hiyo udongo wa tanurini huteremka na maji yakawa mekundu, na mto mwekundu, kwake yeye, haukuwa mto bali uchafu.

Mara nne alipeleka picha kwenye maonyesho ya kila mwaka ya ukumbi wa sanaa mjini, na mara nne zikarudi na kikaratasi cha mistari miwili. Mara ya tano ikaja barua nzima. Picha yake ya kona ya mto imekubaliwa. Mkuu wa maonyesho, mchoraji ambaye sura yake hata mdogo mtu aliijua kutoka magazetini, alikuwa ameandika chini kwa mkono wake mwenyewe: "Mwalimu wangu, usikose siku ya ufunguzi. Nimekutengea kiti cha mbele. Ni mimi mwanafunzi wako wa zamani."

Bi Rula aliisoma kwanza kimya, kisha kwa sauti, kisha akaenda kwa muuza dawa kununua dawa ya kichwa ambayo hakuihitaji, ili aisome tena huko.

"Kwani ni yupi huyo, dada?" mdogo wake akauliza. "Humkumbuki kabisa?"

"Nimefundisha watoto wasiohesabika. Nitaanza kumkumbuka kila mwenye kamasi?"

Mdogo mtu akamshonea gauni jipya la kijivu lenye kola, akalifumua mabega mara mbili kwa sababu dada mtu alisema linamfanya aonekane bonge. Siku ya ufunguzi ilipofika, Bi Rula alimtazama mdogo wake kuanzia kichwani hadi kwenye viatu vilivyokanyagika visigino.

"Utakaa nyuma," akamwambia. "Usimsemeshe mtu. Kule wataongea mambo ya sanaa. Ukianza hadithi zako za mbuzi utaniaibisha."

"Haya, dada."

Ilikuwa alasiri. Ukumbi ulikuwa mweupe, una dari refu, na watu wameshika glasi zao kwa vidole viwili. Bi Rula alikuwa amejiandaa kuitafuta picha yake kwenye kona, karibu na choo, mahali wanapotundikwa wasio na jina. Lakini aliiona mara tu alipovuka mlango. Ilikuwa katikati ya ukuta mkubwa, peke yake, imemulikwa na taa yake yenyewe. Mkuu wa maonyesho akaja kumpokea kwa mikono miwili, mwanamume wa makamo mwenye mvi za mapema, akainama kama mtoto mwenye adabu, akamwongoza hadi kiti cha mbele.

"Umefika, Mwalimu. Nilikuwa na wasiwasi usije."

"Nisije kwa nini? Umenipa heshima kubwa, mwanangu."

Akacheka kidogo, akaenda kushika kipaza sauti.

Alianza vizuri. Alisema kwamba wengi humuuliza nani alimfundisha kutazama, na leo ataonyesha. Akamnyooshea Bi Rula mkono. Watu wakapiga makofi, naye akainuka nusu, akaketi, mashavu yakimwaka moto. Nyuma kabisa, mdogo wake alikuwa akipiga makofi kuliko wote.

"Nilikuwa na miaka tisa," mkuu wa maonyesho akaendelea. "Kwetu tulikuwa wafyatua matofali. Mwalimu akatuambia tuchore mto. Nikachora mto ninaoujua mimi, mto wa kwetu wakati wa mvua. Mwekundu. Mwalimu akaichukua picha yangu, akaiinua juu, akawaambia wenzangu wasimame mmoja mmoja, kila mtu ataje kosa moja. Tulikuwa arobaini na wawili. Kwa hiyo yalitajwa makosa arobaini na moja. Wa mwisho mwisho walikosa la kusema, wakasema nina masikio makubwa, Mwalimu akawaruhusu. Halafu nikaichana mwenyewe, vipande vidogo, nikavitia kwenye pipa."

Watu wakacheka, lakini kicheko cha kutafuta njia, wakitazamana.

"Leo nataka kumrudishia Mwalimu somo lake. Picha ile pale. Kila mtu kosa moja. Nani ataanza?"

Bi Rula aliukumbatia mkoba wake. Kisha bibi mmoja mwenye miwani akainua glasi yake na kusema, kwa aibu ya kujifanya, "Mawingu. Yanafanana yote." Mtu akaguna kukubali, na basi lango likafunguka.

"Maji hayaendi popote. Yamelala."

"Miti imejipanga kama inasubiri kuitwa majina!"

Hapo walicheka kwelikweli. Kipaza sauti kikawa kinapita mkono kwa mkono. Vijana wa chuo cha sanaa walikuwa wakibishana nani amesema kosa la maana zaidi. Mpiga picha wa gazeti alisema kivuli cha mti mmoja kimeenda kulia na cha mwingine kushoto. Bi Rula akatazama, na kweli, kimoja kilikuwa cha saa mbili na kingine cha saa nne. Hicho ndicho kilichomkata maini kuliko vicheko: walikuwa sahihi. Kila walichotaja alikiona, na angekitaja yeye mwenyewe kama picha ingekuwa ya mtoto wa mtu.

Kipaza sauti kikafika ukuta wa nyuma, mikononi mwa mwanamke mfupi mwenye viatu vilivyokanyagika.

"Mimi sijui mambo haya," mdogo mtu akasema, sauti ikamtoka kubwa mno. "Lakini huyu ni dada yangu. Amesimama juani siku kumi na saba kwa picha hiyo. Hamna haya?"

Vicheko vikakatika. Mtu akakohoa.

"Asante, shangazi," mkuu wa maonyesho akasema kwa upole. "Ila hilo si kosa. Darasa letu halikuruhusu mtu kuruka zamu. Taja kosa, hata dogo."

Watu zaidi ya mia wakageuka kumtazama. Akaitazama picha kwa mara ya kwanza kama kitu cha kutazamwa, maana nyumbani ilikuwa ikigeuzwa ukutani kila jioni, hakuna ruhusa kuigusa.

"Mimi simo," akasema.

"Umesemaje?"

"Mti ule ndio mti wangu. Nilikuwa nimekaa pale chini siku zote kumi na saba, na cherehani ya mkono, na... hapana, si cherehani, sindano tu. Ninaonekana vizuri kabisa ukiwa pale anaposimama. Lakini hakunichora. Pako tupu."

Mtu mmoja akaanza kupiga makofi, na wengine wakafuata, wakampigia yule mjane makofi marefu kuliko aliyopigiwa dada yake. Yeye akasimama akiwa ameduwaa, kipaza sauti mkononi, hajui amefanya nini.

"Hilo ndilo nililokuwa nasubiri," mkuu wa maonyesho akasema. Akamgeukia Bi Rula. "Sitakuomba uichane, Mwalimu. Mimi si wewe."

Bi Rula akainuka, akanyoosha kola ya gauni lake, akamsogelea mpaka wakawa uso kwa uso. Watu wa mbele walisogea wasikie. Labda walitegemea machozi, labda msamaha.

"Tangu barua yako ifike najaribu kukukumbuka," akasema. "Na hata sasa, na hadithi yote hiyo, sikukumbuki. Niliwafanyia hivyo wengi. Wewe hukuwa wa kipekee."

Mvi za mkuu wa maonyesho, mikono yake iliyozoea kupeanwa, vyote vilikuwa palepale, lakini uso ulikuwa wa mtoto wa miaka tisa. Bi Rula aliuona uso huo, akajua amepiga penyewe, akatoka nje.

Walipofika nyumbani mdogo mtu akaweka maji ya chai jikoni, na dada mtu akamfuata mpaka mlangoni.

"Kumi na mmoja," Bi Rula akasema. "Miaka kumi na mmoja unakula kwangu, unalala kwangu. Wale ni wageni, wana sababu zao. Wewe umesimama mbele ya umati ukanivua nguo."

"Walinilazimisha, dada. Niliogopa."

"Ukasema pako tupu. Basi nikuambie kwa nini pako tupu. Picha ni ya vitu vizuri."

Mdogo mtu akazima jiko. Alifanya hivyo taratibu, akafunika na sufuria. Hakulia, au kama alilia, ilikuwa chumbani mwake. Siku ya tatu mkwe wake, mume wa bintiye, akaja na gari la mizigo kuchukua cherehani na masanduku mawili. Bi Rula alisimama barazani amekunja mikono. Hakumkataza mdogo wake, wala hakumuaga. Alisema neno moja tu, kumwambia yule mkwe kwamba kamba ameifunga vibaya, cherehani itaanguka. Mkwe akaifunga upya. Mdogo mtu akapanda mbele, goti bovu kwanza, akalivuta na lile zima, gari likaondoka.

Kwa muda Bi Rula aliendelea na mto. Ilimlazimu ateremke mara mbili, kwanza kiegemezo na mbao, halafu kigoda na rangi, na mbuzi wakala tambara lake la kufutia brashi. Wafyatua matofali walimuuliza yuko wapi yule mama wa utani. Akawaambia amesafiri. Baadaye wakaacha kuuliza, na hata utani wakaacha.

Baada ya miezi saba alipiga simu. Ilipokelewa kwenye kelele za watoto na sufuria.

"Unarudi lini?" akauliza. Hakusalimia.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Nimekuuliza unarudi lini."

Mlango ukafungwa upande wa pili na kelele zikapungua.

"Sirudi, dada. Hapa tunabanana, nalala na wajukuu wawili, mmoja ananipiga mateke usiku kucha. Lakini nikiamka mtu ananiuliza nimelalaje."

Bi Rula alikuwa na la kusema. Lilikuwa fupi, maneno mawili tu, na watoto wa watu waliokosea alikuwa amewalazimisha kulisema mara elfu mbele ya darasa. Akalisikia linapanda hadi kooni.

"Goti linaendeleaje?" akauliza badala yake.

"Lipo."

"Usipande ngazi sana."

"Haya, dada," mdogo wake akasema, kwa adabu ile ile ya miaka yote, akangoja kidogo kama kuna lingine. Simu ikakatwa, na ni yeye mdogo mtu aliyeikata.