Mapigo Themanini na Mawili

Jamani, kuna mapigo ya moyo niliyoyahesabu kwa vidole vyangu hivi, na mpaka leo yananinyima amani.

Mimi ni mkufunzi wa mazoezi kwenye kikosi cha zimamoto. Kila mwaka napima kila mtu. Unapanda benchi na kushuka, dakika tatu bila kupumzika. Unakaa, nakushika mkono, nahesabu mapigo.

Moyo ukitulia haraka, uko fiti. Mapigo yakizidi mia na ishirini, unarudisha kofia yako na kupelekwa stoo kukunja mipira ya maji.

Kaka yangu mkubwa ni mzimamoto. Miaka hamsini na mmoja, na kitambi juu. Mwaka jana alipita kwa mapigo mia na kumi na tisa, anahema mpaka nikamwonea huruma.

Mwaka huu, wiki mbili kabla ya kipimo, akanibana mezani kwa mama.

"Mdogo wangu, nikizidi kidogo, nishushie. Nani atajua?"

"Nitajua mimi."

"Nimekubeba mgongoni mimi!"

"Basi kimbia asubuhi, kaka. Mimi sipindishi kipimo."

Ningeishia hapo. Lakini ulimi hauna mfupa, nikaanza kutoa somo.

"Na msidhani hatujui ujanja wenu. Kuna watu wanameza vidonge vya presha kama hivi vya mama. Vinapoza moyo, mtu anaonekana mwanariadha kumbe gunia."

Kaka alilitazama kopo la mama pale mezani. Mama alikuwa anakusanya sahani, anasikia yote.

Siku ya kipimo kaka akapanda, akashuka, akakaa. Nikahesabu.

Themanini na mbili.

Nikarudia. Themanini na mbili! Hata vijana wa miaka ishirini na tano hawakushuka mpaka hapo.

"Si uliniambia nikimbie?" akasema, anaangalia viatu vyake.

Nilifurahi mno! Fomu yetu ina swali moja: unatumia dawa yoyote? Huwa namuuliza kila mtu. Kaka sikumuuliza. Nikaandika "hapana" mwenyewe, nikatia saini.

Siku tatu baadaye jirani akanipigia simu. Mama kaanguka jikoni. Kiharusi.

Daktari akaniuliza, "Dawa zake alikuwa anameza?"

"Kila siku, daktari. Hakosi."

Nikaenda nyumbani kufungua kopo lake la vidonge. Tupu. Na tarehe yake ya kliniki, ya kuchukua vingine, ilikuwa bado siku kumi.

Hapo ndipo akili iliponirudia. Nilimkuta kaka kwenye korido ya hospitali, nikamkwida shati mbele za watu.

"Mwizi mkubwa wewe! Umemwibia mama dawa!"

Hakubisha. Alilia tu, mtu mzima yule.

Wiki sita sikumpa hata salamu. Nikimwona namtemea maneno.

Halafu asubuhi moja namnyoosha mama mkono wa kulia, ule uliokufa, akaniita. Maneno yalikuwa yanatoka upande mmoja wa mdomo, moja moja.

"Nilimpa mimi."

"Ulimpa nini, mama?"

"Vidonge. Alikataa. Nikamlazimisha."

Akapumzika. Kisha akanitazama.

"Wewe si ulikataa kumsaidia?"

Nikaendelea kumnyoosha vidole, kimoja kimoja.

Sasa kila asubuhi tunampandisha mama kizingiti cha mlango. Kaka anashika kulia, mimi kushoto. Hatua mbili, anakaa, namshika mkono nahesabu.

Kaka bado anaingia motoni na moyo ambao sote wawili tunajua haufai. Ile fomu sijaifuta. Nikiifuta anakwenda stoo, na mama atajua kwamba alipooza bure.

Ndugu yangu unayesoma, sikuambii usimame kwenye haki. Mimi nilisimama, tena kwa kelele. Nakuambia tu, siku ukijisifu kwamba hupindishi, kumbuka na lile swali ambalo hukuuliza kwa sababu ulilipenda jibu.