Toronto ni Maandazi Mangapi

Hivi nyie, mnajua kutoka hapa Temeke mpaka Toronto ni maandazi mangapi? Msicheke. Sie watu wa kusini safari tulikuwaga tunaipima hivyo. Kwenda Masasi, kabla Rufiji hawajajenga daraja, kiangazi unabeba sufuria moja ya maandazi. Masika, ndoo nzima na kuku mkavu juu, maana basi likizama kwenye tope mnashuka, mnakoka moto, mnakuwa ndugu. Watu walipataga wachumba kwenye tope lile! Babu yenu mwenyewe aliniomba maandazi mawili, akanirudishia korosho mfuko mzima. Nikajua huyu ana lake. Jamani, raha ilikuwepo.

Basi mjukuu wangu mmoja, yule ninayemwitaga mume wangu, alipopata chuo huko Toronto, nikakanda unga tangu alfajiri. Kaja kuaga, kakuta ndoo zimejipanga barazani.

"Shikamoo bibi. Kuna shughuli?"

"Marahaba mume wangu. Chakula chako cha njiani hicho."

Alicheka mpaka akakaa chini. Akafungua simu, akanionyesha mstari umepinda kama upinde, kutoka uwanja wetu wa ndege mpaka wa kwao.

"Kilomita elfu kumi na mbili na ushee, bibi. Ndege ingeenda moja kwa moja, kama saa kumi na tano tu. Ila nashuka katikati, nasubiri nyingine. Siku moja na kitu, nimefika. Na chakula wanagawa humohumo."

"Siku moja? Masasi ya masika ilikuwa wiki!"

"Ndo hivyo. Nifungie kimfuko kimoja tu."

Nikafurahi, halafu nikakumbuka msiba. Mama yangu alikufa masika. Nilipopata habari nikatoka hapa mbiombio, nafika Masasi, kaburi limeshaanza kuota majani. Sie maiti hailazwi. Mtu akifa asubuhi, alasiri keshazikwa.

Nikamuuliza, "Mume wangu, na mie nikifa? Hiyo siku moja na kitu, utanikuta sijafukiwa?"

Hakucheka tena. Akaitazama simu, akahesabu kwa vidole, akaizima.

"Sikukuti, bibi. Hata ndege ingenyoosha."

Nilimpenda kwa kutonidanganya. Nikamfungia kimfuko chake, ndoo zilizobaki wakala majirani, wakasema bibi kaozesha kimyakimya. Mlangoni akanishika mkono.

"Sikiliza, mke wangu. Kukuzika siwezi kuahidi. Naahidi kuja kukuona. Kila mwaka chuo kikifungwa nakuja, tunapanda basi mimi na wewe mpaka Masasi. Siku hizi lami, jioni tumefika. Lakini utakaanga ndoo nzima, na tutaimaliza."